Daraja la London lililochorwa Amsterdam

Mwaka 1616, mchapaji na mchora ramani wa Amsterdam, Claes Visscher, alitoa picha ya jiji la London yenye upana wa zaidi ya mita 2, iliyochapwa kutoka mabamba 4 ya shaba. Upande wa kulia, daraja limevuka Mto Thames likiwa limebeba nyumba za ghorofa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ndivyo watu wengi wanavyolijua Daraja la London la kale hadi leo. Ajabu ni kwamba wanahistoria wengi wanaamini Visscher hakuwahi kukanyaga London. Alitegemea michoro ya waliomtangulia.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Mchoro hukatwa kwenye shaba kinyume, kulia kukawa kushoto, hata herufi zikaandikwa kinyumenyume. Wino husukumwa ndani ya mikwaruzo, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa mtambo. Kila nakala hulichosha bamba kidogo, ndiyo maana nakala za mwanzo huwa kali kuliko za mwisho.

Daraja lilianzwa mwaka 1176 na padri Peter wa Colechurch, likamalizika 1209, yeye akiwa amekwisha kufa. Ndilo lililokuwa daraja pekee la mto huo jijini kwa karne nyingi, na kodi za nyumba na maduka yaliyojengwa juu yake zilisaidia kulitunza. Wapita njia, mikokoteni na mifugo walibanana katika njia nyembamba iliyobaki katikati.

Tazama lango la kusini, upande wa Southwark. Juu ya paa imesimamishwa miti, na kwenye ncha za miti hiyo kuna vichwa vya watu. Ni waliohukumiwa kwa uhaini. Kichwa cha William Wallace kilitundikwa darajani mwaka 1305, cha Thomas More mwaka 1535. Vilichemshwa kwanza na kupakwa lami visioze upesi. Visscher amevichora vidogo kama vichwa vya pini, bila kelele yoyote, na kwa maoni yangu hapo ndipo picha inapotisha zaidi.

Shuka sasa chini, kwenye matao. Ni membamba, na nguzo zake zilizungushiwa vizuizi vipana vya mbao na mawe. Maji yalibanwa, na yalipokupwa yaliporomoka kwa kishindo. Manahodha wa mitumbwi walikufa hapo, na abiria waliojali roho zao walishuka na kutembea hadi upande wa pili. Upande wa juu wa mto, kabla ya kufika darajani, maji yalipoa mwendo, na katika baridi kali yaliganda hapo, watu wakafungua magulio juu ya barafu. Gulio la mwisho lilikuwa mwaka 1814.

Je, tumwamini Visscher? Si kwa kila kitu. Jumba la maonyesho la Globe amelichora kwa pande 8, ilhali mabaki yaliyofukuliwa mwaka 1989 yanaashiria jengo la pande nyingi zaidi. Ila kwa daraja, picha yake ina thamani ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuijua: inaonyesha nyumba za upande wa kaskazini, ambazo ziliungua mwaka 1633. Pengo lililobaki ndilo lililozuia moto mkubwa wa 1666 usiliteketeze daraja zima.

Nyumba zote zilibomolewa kati ya 1758 na 1762. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1831, la kale likavunjwa. Hilo jipya nalo liliuzwa kwa Mmarekani mwaka 1968, nalo sasa liko Arizona. Ukienda London ukitaka kuona lile la kale, ingia kanisa la St Magnus the Martyr: njia ya waenda kwa miguu kuelekea darajani ilikuja kupita chini ya mnara wake, na ndani kuna mfano mdogo wa daraja hilo wenye nyumba zake.