Moyo Ukisimama: Bei ya Kuokoa

Mwaka 1960, kule Baltimore katika Marekani, Kouwenhoven na wenzake walitangaza kwamba moyo uliosimama wasaidiwa kwa mikono tu, kwa kukandamiza kifua. Mwaka 1966 munganga Pantridge wa Belfast akaanza kutuma motokari yenye mashini ya kushitusha moyo kwa umeme. Uzito wake kilo 70! Bei ikapanda.

Baadaye Ontario, katika Kanada, ikaongeza wasaidizi waliofundishwa kutia mrija kooni na dawa mishipani. Hesabu ilitoka mwaka 2004, watu 5,638. Zamani ya umeme wa upesi pasipo dawa zile, waliotoka lopitali wangali hai walikuwa 5.0 kwa mia; baada ya feza zile zote, 5.1. Sidharau dawa, ndugu makatekista. Lakini waliokandamizwa kifua na jirani, bila malipo, walipona zaidi.