UZI: Wewe ni mwajiriwa ama kibarua?

1/ Kila Mei Mosi mwanasiasa hupanda jukwaani, huahidi nyongeza ya mshahara, na watu hupiga makofi. Lakini mfanyakazi akimshtaki mwajiri kwa kunyimwa likizo, pesa za nyumba au malipo ya utumishi, korti mara nyingi huanza na swali jingine: huyu alikuwa mwajiriwa, ama kibarua tu? Swali hili ni la zamani. Twende polepole.

2/ Kibarua ni barua ndogo. Zamani huko Pwani, aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, akakirudisha ndio alipwe. Mwishowe jina la karatasi likawa jina la mtu. Siku ikiisha, mwajiri hana deni lingine.

3/ Bandari ya Mombasa ilitegemea watu hao. Meli ikija, kuna kazi. Isipokuja, hakuna kitu, na kodi ya chumba haingoji meli. Wapakuzi waligoma 1939. Januari 1947 mgomo ukasambaa karibu mji wote, ukadumu siku kama kumi na mbili.

4/ Baada ya uhuru, 1964, ikaundwa Mahakama ya Viwanda. Ilisaidia, lakini zaidi ilikuwa uwanja wa vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kibarua asiye na chama angeingilia wapi?

5/ Sheria ya Ajira ya 2007 ilijaribu kuziba hilo pengo. Kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, korti inaweza kumhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Hapo haki nyingine zinafunguka. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 41, ikampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini.

6/ Shida imekwisha? Bado. 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi 68 wa kampuni ya chumvi huko Pwani. Walisema walikuwa vibarua, kwa hivyo sheria iwageuze. Korti ikasema hapana: nyinyi mlilipwa kwa kiasi cha kazi, si kwa siku, na kifungu cha 37 hakiwagusi. Jasho ni lile lile, chumvi ni ile ile. Kilichowaangusha ni namna malipo yalivyohesabiwa.

7/ Kwa hivyo mwajiri mjanja hahitaji kuvunja sheria. Anabadilisha tu jina la kazi yako.

8/ Jilinde. Sheria inamtaka mwajiri aandike mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Asipouleta kortini, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Lakini kwamba ulifanya kazi hapo, utathibitisha mwenyewe. Weka meseji za M-Pesa, picha za rejista ya geti, namba za wenzako. Na usilale: kwa kawaida una miaka mitatu tu ya kushtaki.

9/ Mgombea akija mtaani kwenu na hadithi ya "haki za wafanyakazi", msimuulize asilimia ngapi. Muulizeni: anayelipwa kwa gunia, kwa ndoo, kwa kilo, utamweka upande gani wa sheria? Akianza kuzungukazunguka, mmeshapata jibu.