Nani Alizinyanyua Land Rover za Shinyanga? Historia ya Mafundi Wasiotajwa

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover mpaka mtandaoni tukawa hatuoni kitu kingine. Za mababu, za misheni, za shambani, zimepigwa rangi upya zinang'aa balaa. Watu walizitaja kwa mwaka, kwa injini, kwa modeli. Ila wadau, kuna mtu hakutajwa kabisa: fundi aliyefanya gari ya miaka 50 iendelee kutembea. Leo tunamfuata huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka ukanda wa dhahabu wa Geita.

Kwanza, udongo

Ukitaka kujua kwa nini watu wa huku walinyanyua magari, anza na ardhi. Msukuma hasemi "udongo" akaishia hapo. Kuna luseni, ule wa kichanga. Kuna itogolo, mgumu wa kwenye tambarare. Halafu kuna mbuga, ule mweusi wa mabondeni. Kiangazi mbuga inapasuka nyufa. Masika inanata, inajaza matairi mpaka yanakuwa kama maandazi.

Lori likipita hapo linaacha mifereji miwili na tuta katikati. Gari ndogo ikifuata, magurudumu yanazama kwenye mifereji, difu inakaa juu ya tuta. Unakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka, gari haiendi. Imelala kwa tumbo.

Na sababu za kupita hapo zilikuwepo. Geita walikuwa wanachimba dhahabu tangu miaka ya 1930. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 almasi ya waridi ya Mwadui ikapelekwa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Mwaka uliofuata, 1948, Land Rover ya kwanza ikaoneshwa Amsterdam, bodi ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu. Jiwe likapata jina, gari ikapata jina. Wanaume wa Mwadui na Geita walioshinda chini ya magari wakibadilisha springi hawakupata.

Uhaba ukawa shule

Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita ya Kagera na bei ya mafuta kupaa, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Vipuri vikawa adimu kama sukari. Mwaka 1983 serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na mwaka huohuo Uingereza wakazindua Land Rover One Ten yenye springi za koili. Huku wengi walikuwa bado na zile za zamani zenye springi bapa, yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya lingine.

Bamba likikatika na la duka hakuna, fundi anafanyaje? Anatafuta springi ya lori bovu, anakata, anapasha moto, anakunja, anapanga. Akiongeza bamba moja ili gari ibebe gunia zaidi, gari inapanda kidogo. Hapo hakuna aliyekuwa anatafuta muonekano. Ilikuwa njaa ya vipuri tu.

Kupandisha gari siyo kupandisha difu

Hapa ndipo wengi wetu tunapigwa. Ukiongeza springi, unapandisha chesisi na bodi. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Haipandi hata milimita! Tuta lililokuwa linaigusa jana litaigusa na leo.

Kinachoinua difu ni tairi kubwa, na hapo unapata nusu tu. Ukiongeza kipenyo cha tairi kwa sentimita 8, difu inapanda sentimita 4. Springi unazipandisha ili hilo tairi lipate nafasi, lisikwaruze bodi.

Land Cruiser za 40, zilizoanza 1960, zina ujanja wao. Springi zake zinapita chini ya ekseli. Fundi anakata vikalio, anavichomelea upande wa juu, springi inakaa juu ya ekseli. Gari inapanda sana, na springi na yubolti haziburuzi tena chini kwenye matope. Suzuki Samurai nazo zinafanyiwa hivyohivyo. Ila kikalio kikichomelewa kwa pembe mbaya, difu inaangalia pasipotakiwa na propela inaanza kupiga kelele.

Kila sentimita ina bei

Tairi kubwa ni sawa na kubadilisha gia bila kufungua gia boksi. Gari inakuwa nzito kuondoka, klachi inaumia, na mlimani unashuka gia mapema. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 10, dashibodi ikisema 50 wewe unatembea 55. Land Rover wenyewe walilijua hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walipotoa 109 ya tani moja yenye matairi ya 9.00-16, walipunguza uwiano wa gia na kuweka ekseli ngumu zaidi. Hawakubadilisha tairi peke yake.

Springi ikipanda, propela inakaa mshazari zaidi na krosi zinakwisha haraka. Ukirefusha vishikio vya springi za mbele, pembe ya usukani inabadilika, gari inazurura barabarani. Mipira ya breki isiporefushwa inavutika kila gurudumu linaposhuka shimoni, mpaka siku inakatika. Na uzito umehamia juu, kwa hiyo kona uliyokuwa unaikata kwa 60 sasa inaweza kukulaza ubavu.

Kwa nini tunaongea haya leo

Kwa sababu kazi imegeuka. Zamani gari ilipandishwa ili mgonjwa afike hospitali masika na mzigo ufike mgodini. Leo mtu anapandisha kwa ajili ya picha, sawa, ni hela yake. Tatizo ni pale gari hiyohiyo inapojaza watu nyuma kwenda machimboni, breki za zamani, matairi makubwa, dereva anakimbiza. Wale abiria hawajui nini kiliguswa huko chini.

Fundi wa zamani alikuwa na maswali kabla hajashika spana. Unabeba nini? Unapita wapi? Masika au kiangazi? Ukimjibu "nataka iwe juu tu," anakushangaa. Hayo maswali hayapo kwenye kitabu chochote cha kiwanda, yametoka kwenye mbuga yetu, kwa watu walioona gari iliyofanyiwa vibaya ikirudi imebebwa. Wengi wao wanazeeka sasa, na wakienda wanaondoka nayo.

Basi kabla hujanunua springi mpya, nenda kakae na mzee mmoja gereji nusu siku, umsikilize. Na kama baba, babu au mjomba wako alikuwa anazitengeneza hizi gari, dondosha stori yake hapo chini. Alifanyia wapi, alikuwa anajulikana kwa kazi gani? Tuanze kuwahesabu.