Muyaka bin Haji: Kutoka Sokoni hadi Kitabuni

Wahakiki wamezoea kusema kwamba Muyaka bin Haji (1776–1840) aliutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Kauli hiyo ina ukweli, ila inanyamazia safari ya pili, ile ya kutoka sokoni hadi kitabuni, iliyochukua karne nzima baada ya kifo chake.

Muyaka hakuchapisha chochote. Tungo zake zilidumu vifuani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya, katika karne iyo hiyo ya 19, na kuzifasiria mmishenari W. E. Taylor. William Hichens alizihariri zikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Uchunguzi wa Mohamed H. Abdulaziz ukafuata mwaka 1979. Ajabu ni kwamba Sikujua, ambaye pasipo yeye pengine tusingekuwa na diwani ya kuhakiki, hutajwa kwa kupitiwa tu.

Lakini kilichofika kitabuni si chote kilichosikika sokoni. Kimvita hutofautisha sauti ambazo tahajia sanifu, iliyoenezwa na Kamati ya Lugha ya 1930 kwa misingi ya Kiunguja, haikuona haja ya kuziandika. Paa la nyumba si p'aa wa mwituni. Tembo la mnazi si t'embo mwenye mkonga. Vivyo hivyo, t ya meno si t ya ufizi. Sikio la Mmvita halibabaiki hapo. Jicho la msomaji, likikabiliwa na herufi moja, halina la kushika. Taylor alilitambua jambo hili, akabuni alama za kuzibainisha sauti hizo; wachapishaji wengi waliofuata waliziona kuwa mzigo.

Kwa mtunzi aliyeburudika kulizungusha neno moja katika maana kadhaa, hasara hii si ndogo. Msomaji hudhani amekuta mchezo wa maneno mahali ambapo msikilizaji alisikia maneno mawili tofauti kabisa. Hata vina huingia shakani: silabi mbili zilizoandikwa *ta* huenda hazilingani mdomoni. Mhakiki anayemsifu au kumlaumu Muyaka kwa kutegemea ukurasa peke yake anahukumu kesi asiyoisikiliza.

Wapo watakaosema kwamba alama hizo zitamchosha mwanafunzi. Mbona mwanafunzi huyo huyo hukariri istilahi za bahari za ushairi bila kunung'unika? Kwa maoni yetu, toleo la Muyaka lenye alama kamili linahitajika sasa, wakati wangalipo wazee wa Mji wa Kale wanaoweza kulisahihisha kwa kulisoma kwa sauti.