Mkia wa bakteria: nilichemka darasani

Leo nipo hosteli natubu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa Kidato cha Tano aliniuliza, "Mwalimu, mkia wa bakteria unarefuka kuanzia shinani au nchani?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: shinani, kama nywele. Jana nipo maktaba, kumbe nilimdanganya mtoto wa watu!

Historia yenyewe ni hivi. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliona bakteria wakiogelea tangu miaka ya 1670. Ila mkia, yaani flagela, una unene wa kama nanomita 20 tu. Utajuaje unaota upande gani?

Mwaka 1969 Mjapani Tetsuo Iino alitoa jibu kwa njia rahisi ajabu. Alichukua bakteria wa Salmonella waliokuwa wanaotesha mikia, akawapa asidi amino bandia inayofanya mkia mpya uote umejikunjakunja. Halafu akaangalia: mikunjo iko wapi? Iko nchani! Sehemu ya zamani ilibaki upande wa shina. Basi jamani, mkia si nywele, ni msuko. Nywele huota shinani, lakini msusi huendelea kusuka kule mwisho.

Sasa malighafi inafikaje huko nje? Hapo ndipo nilipoacha mdomo wazi. Bakteria huanza kujenga pampu na mota kwenye utando wake, kisha kulabu iliyopinda, ndipo mkia. Mkia una tundu katikati, upana wa nanomita 2 hivi. Protini ya flagelini hutengenezwa ndani, inasukumwa na pampu ikiwa imekunjuliwa kama uzi, inapita tunduni mpaka nchani. Huko kuna kifuniko cha protini kinachoisaidia kujikunja na kukaa mahali pake. Mkia mmoja unaweza kubeba vipande kama 20,000! Na mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kadiri unavyorefuka, ndivyo kasi ya kukua inavyopungua. Safari ni ndefu, si mchezo.

Kwa hiyo jibu lilikuwepo miaka kibao kabla sijazaliwa. Mimi nilibuni kwa sababu niliona aibu kusema sijui mbele ya darasa. Leo asubuhi nimemwandikia mwalimu wake wa baiolojia amfikishie jibu sahihi, na samahani yangu.

Walimu watarajiwa wenzangu, "sijui, nitakutafutia" nalo ni jibu. Naomba kuwasilisha.