Kadi Iliyopotea: Karatasi na Umiliki Chini ya Kilimanjaro

Katika vijiwe vya bodaboda vya Shirimatunda, kata iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Moshi, pikipiki huhesabiwa kuwa mali mbili: chombo chenyewe na kadi yake ya usajili. Chombo kikiharibika, fundi yupo. Kadi ikipotea, mwenye chombo hakosi wasiwasi: hawezi kukiuza kwa amani wala kukiweka dhamana ya mkopo, na kila anayemuuliza humtazama kwa jicho la shaka. Kwa nini karatasi moja imepewa uzito huo? Sheria za barabarani hazitoshi kujibu swali hili. Yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Kabla ya ukoloni, umiliki katika mteremko huu haukuhitaji maandishi. Kihamba kilitambulika kwa masale yaliyopandwa mpakani, na kwa ushahidi wa majirani na wazee wa ukoo. Daftari la umiliki lilikuwa vichwani mwa watu. Nisilipambe kupita kiasi, kwa maana liliwapa wanaume nafasi ambayo wanawake hawakuipata. Hata hivyo, ushahidi ulioshikwa na watu wengi haukuweza kupotea kwa siku moja.

Mageuzi yalikuja na Wajerumani. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo watu, machifu au jumuiya za wenyeji wangeweza kuthibitisha haki zao. Neno zito hapo ni "kuthibitisha". Mzigo wa ushahidi ukahamia kwa mwenyeji, na hakimu wa ushahidi huo akawa ofisa wa kigeni asiyejua maana ya masale. Walowezi wakapata mashamba katika mteremko wa mlima, na wao walikuwa na hati mkononi.

Waingereza hawakuubomoa msingi huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalitambua umilikaji wa kimila, lakini kutambuliwa bila hati kulikuwa kinga dhaifu. Majirani zetu Wameru waliliona hilo mwaka 1951, walipoondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Dunia ilisikia, lakini ardhi haikurudishwa wakati ule.

Karatasi ya kikoloni ilikuwa na sura ya pili, ile ya kazi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyokamilika iliwekewa alama, na malipo yalitolewa kadi ilipojaa. Jasho la mtu lilihesabika pale tu lilipoandikwa, na mwenye kuandika alikuwa mwajiri.

Ninaukumbuka mfumo huo kila ninapoutazama mkataba wa bodaboda wa leo. Kanuni za mwaka 2010 zilipohalalisha pikipiki kubeba abiria kwa malipo, biashara iliyokwisha kuota mizizi ikapata ulinzi wa sheria. Vijana wengi hawakuwa na mtaji wa kununua chombo, na hapo ndipo mkataba ulipojaza pengo. Tajiri hununua pikipiki na kuisajili kwa jina lake. Kijana hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, kwa mwaka mmoja au zaidi, huku malipo yakiandikwa daftarini. Muda ukitimia, hukabidhiwa kadi na kuambiwa, "Sasa ni yako."

Je, ni yake kweli? Machoni pa kijiwe, ndiyo. Kadi imeshika mkono wake, na wenzake wote wameshuhudia akihenyeka. Lakini daftari la usajili linaloshikwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania humtambua aliyeandikwa, na jina lililoandikwa bado ni la tajiri. Wengi huishia hapo. Kuhamisha umiliki kuna kodi na ada zake, na kijana aliyemaliza mkataba jana hana fedha ya ziada. Hujisemea kwamba atahamisha baadaye.

Siku kadi inapopotea, pengo hilo hufunuka. Njia ya kupata kadi nyingine huanzia polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha huelekea Mamlaka ya Mapato, na mwombaji hupaswa kuonyesha kwamba yeye ndiye mmiliki aliyesajiliwa. Kwa aliyeandikwa, huo ni usumbufu wa siku kadhaa. Kwa aliyelipa bila kuandikwa, safari hurudi mlangoni kwa tajiri. Akiwa muungwana, atakwenda naye. Akiwa amehama au amefariki dunia, kijana atakabiliana na warithi wasiomjua. Akiwa mtu wa hila, anaweza kuomba kadi mpya na kudai kwamba chombo hakijawahi kuwa cha mwingine. Hesabu zote za mwaka zinabaki katika daftari la kaunta, kama lipo.

Nisieleweke vibaya. Masharti ya ofisi si ukatili wa watumishi wa umma. Bila masharti hayo, kila mwizi angejipatia kadi ya chombo alichokiiba. Tatizo ni kwamba ushahidi wa aina mbili, ule wa jamii na ule wa dola, bado haujakutanishwa. Ndugu zetu wa kijiweni wanajua nani alilipa. Dola inajua nani aliandikwa. Tangu mwaka 1895 mnyonge amekuwa akianguka katika nafasi iliyo kati ya elimu hizo mbili.

Daraja linaweza kujengwa bila kusubiri sheria mpya. Mkataba uandikwe kwa nakala mbili mbele ya mwanasheria au kiongozi wa mtaa na mashahidi wa pande zote, na kila malipo yatiwe saini katika daftari la kila upande. Gharama ya kuhamisha umiliki iingizwe ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza, ili mkataba usihesabiwe kuwa umekwisha kabla jina halijabadilika. Wanaharakati wanaotetea vijana waanze na kifungu hicho kimoja. Watumishi wa mapato nao watafanya jambo la maana wakifika kijiweni kueleza utaratibu kabla kadi haijapotea.

Kadi iliyopotea hutolewa nyingine. Jina ambalo halikuandikwa halina nakala ya kutolewa.