Hoja Mbele ya Hadhara: Mijadala ya Falsafa Mombasa tangu 1930

Ubishi juu ya falsafa ya Kiafrika uliozuka vyuoni katika miaka ya 1970 ulihusu, zaidi ya yote, mahali pa kuitafuta falsafa hiyo. Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kwamba itafutwe katika maandishi ya Waafrika wenyewe. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee wa vijijini na kuwahoji, akawatenganisha wanaohifadhi hekima ya jamaa zao na wale wanaoitilia shaka na kuipima. Mombasa haikai sawasawa katika upande wowote kati ya hizo mbili. Hapo yamekuwako maandishi tangu zamani, na wenye hekima pia. Lakini fikra ilipimwa hadharani, kwa kusemwa mbele ya watu wenye haki ya kuuliza. Haki hiyo ya msikilizaji ndiyo inayofaa kufuatiliwa katika historia, maana haikubaki vile vile.

Katika karne ya ishirini hapana budi kuanza na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947). Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ya kila juma iliyoandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah. Athari ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, ni dhahiri, lakini maswali yalikuwa ya Mombasa yenyewe: kwa nini Waislamu wa pwani wamerudi nyuma, elimu gani ya kigeni ichukuliwe, desturi gani iachwe, na je, kumwiga Mzungu ni kuendelea? Kiarabu ndicho kilichokuwa na heshima ya elimu. Kuandika mambo hayo kwa Kiswahili kulikuwa kuwapa uwezo wa kujibu watu ambao hawakuwa wanavyuoni, na yamkini hilo lilikuwa na uzito kuliko fikra yoyote iliyomo katika karatasi zile. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Sheikh, ambaye tangu 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, hakuwahi kuiacha darsa. Kalamu na darsa zilikwenda pamoja.

Mambo yalibadilika Tudor. Chuo cha elimu ya Waislamu kilichojulikana kwa jina la MIOME kilianzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa wazo la Gavana Sir Philip Mitchell na kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora miongoni mwa wengine, na kikaanza kusomesha mwaka 1951. Kilikuwa chuo cha ufundi. Serikali ya kikoloni iliona kwamba kijana wa pwani anahitaji mikono yenye kazi. Haja yake ya kubishana juu ya hali ya ulimwengu haikuingizwa katika masomo. Hata hivyo ni katika chuo hicho hicho ambapo mwana wa Sheikh al-Amin, Ali Mazrui (1933–2014), karani aliyekuwa amekosa nafasi ya Makerere kwa alama zake za mtihani, alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi. Mitchell alikuwapo. Hotuba ilimpendeza, na matokeo yake ni kwamba kijana alipata njia ya kwenda kusoma Uingereza.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati njema, na ndivyo kilivyo. Lakini hotuba ya sherehe haina maswali. Msikilizaji aliyekuwa na uzito siku ile alikuwa mmoja, na wengine waliobaki walikuwa mashahidi. Mazrui mwenyewe aliitafuta tena hadhira yenye kujibu: mwaka 1970, akiwa profesa Makerere, alijadiliana hadharani na Walter Rodney. Mjadala ulikuwa wa moto, na ulikuwa kwa Kiingereza. Chuo cha Tudor nacho kiliendelea na njia yake. Kikawa taasisi ya ufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013.

Huku nyuma, Mji wa Kale haukunyamaza. Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022), aliyekuwa mwanasiasa wa kutetea mwambao kabla ya uhuru na baadaye mhariri wa vitabu, aliendesha mihadhara ya Ramadhani kwa Kiswahili chepesi kisichomwogopesha mtu. Alikuwa amejitangaza Mshia katika mji wenye Masunni wengi. Kwa hiyo kila neno lake lilikuwa na mpinzani. Hilo lilimlazimisha kutoa dalili badala ya kutegemea cheo. Hata kitabu chake cha 1989, Shia na Qur'ani, kina maneno majibu na maelezo katika anwani yake.

Mwanafalsafa na mwanaethnografia Kai Kresse, kutoka Ujerumani, alifanya utafiti mjini humo mwaka 1998 na 1999. Kitabu chake, kilichochapwa Edinburgh mwaka 2007, kinawachunguza Sheikh Abdilahi, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Utenzi wa Mtu ni Utu, na Ahmed Sheikh Nabhany. Sifa yake kubwa ni kwamba kinaitazama falsafa kama kazi inayofanywa na watu katika maisha yao, barazani na mihadharani. Upungufu unaobaki si wa mtungaji peke yake, bali wa utaratibu mzima ambao Hountondji aliulalamikia, yaani elimu ya Afrika kuelekezwa kwa wasomaji wa nje. Hoja zilizotolewa kwa Kiswahili mbele ya watu wa Kuze na Kibokoni zimechambuliwa kwa Kiingereza, na waliokuwa na haki ya kuuliza usiku ule wa Ramadhani hawakuipata haki hiyo juu ya uchambuzi. Mwaka 2017 Kresse na Hassan Mwakimako walitoa huko Leiden Uwongozi wa Sheikh al-Amin katika lugha mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, hata msomaji wa Mombasa aweza kukisahihisha kifungu cha tafsiri kwa kutazama ukurasa wa pili.